Safari ya Muheza, na Shira ya Machungwa

Nani kati yenu aliyesafiri kwa njia ya Tanga asiyepata kununua machungwa ya Muheza? Gari husimama, na kabla vumbi halijatua vijana wamekwisha kuyainua matunda madirishani, mengine yamo katika nyavu, mengine yamemenywa na kukatwa kichwa, tayari kunywewa. Msafiri hununua, hunywa, hutupa maganda, akalala usingizi. Nasi tulikuwa hivyo miaka mingi. Chungwa la Muheza tulilijua kwa mdomo tu. Shamba lake hatukulijua, wala yule aliyelipanda, wala mambo yanayompata siku ambayo magari hayasimami. Safari tuliyoifanya wakati wa kipupwe kilichopita ndiyo iliyotufumbua macho. Lakini sababu ya safari yenyewe ilikuwa aibu, nasi tutaieleza aibu hiyo kwanza, msije mkadhani ya kuwa tulikwenda kwa hekima.

Mama watoto wetu alipewa kikapu cha machungwa na jirani. Yalikuwa mengi kuliko vinywa vya nyumbani, basi tukasema, na tufanye shira, tuiweke, wapate sharubati wageni watakaopita. Sukari ilikuwa haba. Sisi, kwa kuwa ndio tunaoshika fedha ya nyumba, tulitoa shauri kwamba nusu ya kipimo yatosha, maana machungwa yenyewe ni matamu. Mama watoto alitutazama, hakujibu. Tukakamua, tukapasha moto, tukamimina katika chupa tulizokwisha kuzisuuza kwa maji ya mtungi, tukakaza vifuniko, tukajisifu.

Hata siku ya kumi na nne wakaja wageni kwa posa ya binti wa ndugu yetu. Chupa ya kwanza ilipofunguliwa, kifuniko kiliruka kama risasi kikagonga dari, na povu likammwagikia mshenga juu ya kanzu yake nyeupe. Hilo lingaliweza kusameheka. Lakini iliyosalia ilipomiminwa katika vikombe, mzee mmoja alionja, akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya upole, “Mwalimu, hatukujua ya kuwa kwenu kuna tembo.” Wageni walicheka. Sisi hatukucheka, maana ndio sisi tunaosimama kila juma mbele ya watu kuwaonya juu ya ulevi. Posa ilikubaliwa, twashukuru. Ila habari ya tembo la Mwalimu ilitutangulia kila tulikokwenda, hata mwezi mzima.

Mwalimu mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Bonde, alipokwisha kucheka kama wengine, alisema, “Nendeni kwa mama yangu mkubwa, kule chini ya mlima Magoroto. Shira yake hukaa mwaka mzima, wala hairuki.” Basi tukaenda.

Kutoka Tanga mjini hata Muheza ni mwendo wa kilomita 35 hivi. Mtu hupita Pongwe, mahali panapotengenezwa saruji, kisha mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama daftari la mtoto wa shule. Mkonge huu ni mgeni katika nchi: mwaka 1893 miche 62 tu ndiyo iliyofika hai kutoka Florida, huko Marekani, ikapandwa karibu na Pangani, na kutoka miche hiyo yakatokea mashamba tunayoyaona. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa Tanga, ikafika Muheza mwaka 1896. Chungwa nalo ni mgeni, ila ugeni wake ni wa kale zaidi. Wataalamu wa mimea wasema chungwa tamu lilizaliwa Asia, kwa kuchanganyika furungu na chenza, likasafiri na wafanya biashara hata likaingia pwani zetu. Wenyeji wamelipokea vizuri na ndugu zake wote, nao wana jina la kila mmoja: danzi lililo chungu, chenza linalomenyeka kwa vidole, kangaja dogo, limau, ndimu. Penye majina mengi ujue pana matumizi mengi.

Ukishaupita mkonge nchi huanza kuinuka. Jina lake ni Bonde, na wenyeji ni Wabondei, lakini mgeni asitazamie uwanda. Ni vilima juu ya vilima, na nyuma yake Milima ya Usambara ya mashariki imesimama yenye mawingu. Huko juu, penye baridi, ndipo ilipo Amani, ambapo Wadachi walifungua bustani yao ya kujaribia mimea mwaka 1902. Sisi hatukufika huko. Tuliteremka Muheza penye soko, tukaona malori yakipakiwa machungwa, mengine yakielekea Dar es Salaam na mengine Kenya kwa njia ya Horohoro, kisha tukakodi pikipiki. Kijana aliyetuchukua alikuwa mwepesi kuliko tulivyopenda. Tulifumba macho penye mteremko, tukayafumbua penye harufu.

Naam, harufu. Shamba la machungwa wakati wa mavuno lina harufu mbili, nazo zapigana. Moja ni ya ganda lililochubuliwa, kali na safi, huamsha akili. Ya pili ni ya matunda yaliyoanguka yakaoza, tamu ya kuchefua. Tuliposhuka mbele ya nyumba ya bibi yule, harufu ya pili ilikuwa imeshinda. Chini ya miti mlikuwa na machungwa mengi kuliko yaliyokuwa juu.

Tukapiga hodi. Tukamwamkia, “Shikamoo, mama,” naye akajibu, “Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe Mwalimu mwenye tembo?” Tulijua ya kwamba mwenzetu ametangulia kuandika.

Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mgongo ulionyoka ingawa umri wake wapita miaka sabini. Akatutembeza shambani kabla hatujakaa. Machungwa yale yalikuwa ya kijani kibichi, nasi tukasema, “Mama, haya bado.” Akachuma moja, akalikata, na ndani lilikuwa la manjano ya kuiva, maji yakamtiririka hata kiwikoni. Jambo hili wengi hawalijui, hasa watu wa mjini wanaochagua tunda kwa rangi ya nje. Chungwa hupata ganda la manjano usiku ukiwa wa baridi. Baridi ndiyo iondoayo ule ukijani. Katika nchi ya joto kama Muheza tunda laweza kuiva kabisa ndani nalo limevaa kijani nje. Chagueni kwa uzito: lililo zito mkononi ndilo lenye maji.

Akatuonyesha na mti mmoja wa kuchekesha, uliozaa malimau chini na machungwa juu. Tulidhani ni ajabu, lakini ni kazi ya mkono. Chungwa tamu hupandikizwa juu ya shina la mlimau, kwa sababu mizizi ya mlimau ni hodari. Na mwenye shamba akiacha chipukizi la chini likue, shina la zamani hukumbuka asili yake likazaa malimau. Wengine hulikata. Bibi yule aliliacha, kwa kuwa alihitaji malimau vile vile.

Kisha tukaona miti iliyopakwa mstari wa chokaa shinani. Tukamsifu, tukasema ni vema kuikinga na mchwa. Alisimama. “Si mchwa, Mwalimu,” akasema. “Hiyo ndiyo itakayokatwa. Mwanangu ameitia alama.” Tukaihesabu, ikawa 18. Ndiyo miti ambayo marehemu mume wake aliipanda mwaka ule walioanza kukaa pale.

Mwanawe tulikutana naye jioni. Msimwazie vibaya, ni kijana wa kazi, mwenye adabu, alituamkia kwa heshima akatuletea kiti chake mwenyewe. Naye alikuwa na maneno. Machungwa ya Bonde yote huiva pamoja, alisema, basi siku ambayo wewe una mengi, na jirani ana mengi, na bei huanguka. Mnunuzi huja na lori lake, huchagua makubwa, hujihesabia mwenyewe, madogo huyaacha mtini. Ukiyachuma hayo madogo kwa ujira, ujira wapita bei. Ukiyaacha, huanguka, na nzi wa matunda huzaa humo. Juu ya nzi huyo ana haki ya kulalamika: yuko nzi wa kigeni kutoka Asia aliyeonekana kwanza Kenya mwaka 2003, akaenea upesi, naye hutaga mayai ndani ya ganda, tunda likaharibika kabla ya kuchumwa. “Nikipanda mihogo,” akasema kijana, “hungoja ardhini hata bei ipande. Chungwa halimngoji mtu.”

Hatukuwa na jibu. Mama yake alikuwa nalo, au alidhani analo, nalo lilikuwa katika chupa. Kwa mwaka mmoja alikuwa akitengeneza shira kwa machungwa madogo yaliyoachwa, akiwapelekea wanawake wanaokaanga kaimati pale Muheza, na mwenye mkahawa mmoja. Alikuwa amemwomba mwanawe misimu miwili zaidi kabla ya shoka. Na sasa tukafahamu kwa nini alikubali upesi tuje: hakutaka mwanafunzi tu, alitaka shahidi.

Kazi ilianza usiku ule ule. Tuliosha machungwa 30 kwa maji mengi, tukiyasugua, kwa maana dawa na vumbi vyote hukaa juu ya ganda, nalo ganda ndilo tulilotaka. Tukayafuta yakakauka. Kisha akatupa kisu kikali, akatufundisha kuambua ngozi ya juu peke yake, nyembamba hata kisu kionekane chini yake. Ile nyeupe iliyo chini ya ngozi ni chungu. Ikiingia, shira yote huwa chungu, na sukari haiwezi kuificha. Sisi tuliambua machungwa matatu tukakata nyeupe mara zote tatu, naye akatunyang'anya kisu bila neno. Maganda yale akayatia katika bakuli la sukari, akayaponda kwa mwiko kama mtu apondaye kitunguu saumu, akayafunika. “Sasa kalale,” akasema. “Sukari itafanya kazi usiku.”

Asubuhi tulifunua bakuli, na ile sukari ilikuwa imelowa, yang'aa, rangi ya dhahabu, na harufu yake ilijaza nyumba. Mafuta yaliyo katika ngozi ya chungwa ndiyo yenye harufu, na sukari huyavuta yakatoka bila moto. Tukakumbuka maganda yote tuliyoyatupa dirishani katika safari zetu.

Akatuuliza, “Shira yako ulifanyaje?” Tukamwambia yote, hata habari ya nusu kipimo. Akacheka hata akashika mlango. Kisha akaeleza, nasi twawaandikia kama alivyosema, pamoja na tuliyojisomea baadaye. Hamira ya porini imo kila mahali, katika ganda, katika hewa, katika chupa isiyochemshwa. Ikipata maji matamu hula utamu huo ikatoa pombe na hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyompiga mshenga. Lakini sukari ikizidi sana, maji yote hushikwa nayo, hamira isipate ya kunywa, ikafa njaa katikati ya karamu. Kwa hiyo shira ya kunywa kesho na kesho kutwa, au ya kutia katika friji, yatosha kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji ya machungwa. Shira ya kukaa rafuni yataka kilo 2 kwa lita 1. Hakuna katikati, na sisi tulikuwa hata chini ya hiyo ya kwanza.

Tukakata machungwa kwa kuyapitisha kisu kiunoni, tukakamua kwa mkono. Akatuonya tusiponde kokwa, maana nazo zina uchungu. Machungwa yale 30, madogo kwa ya wastani, yalitoa lita 2 kamili, ndiyo kusema 15 kwa lita. Tukachuja kwa kitambaa cha melimeli, bila kukikamua mwishoni. Ndimu tatu zikaongezwa. Ukali wa ndimu huamsha ladha ya chungwa, ambalo peke yake hupoa mno likichanganywa na sukari. Na tena hufanya kazi nyingine isiyoonekana, yaani huvunja sehemu ya sukari isigeuke tena kuwa chenga chupani.

Habari ya chombo haina maneno mengi. Msitumie sufuria ya alumini, wala ya shaba, wala ya chuma kitupu. Ukali wa machungwa hula madini hayo, na shira hupata ladha ya senti iliyotiwa kinywani. Yeye alikuwa na sufuria moja ya chuma cha pua, aliyonunuliwa na mwanawe huyo huyo mwenye chokaa.

Moto ndio penye siri. Aliondoa kuni mbili, akaacha makaa. Maji ya machungwa na sukari, pamoja na ile yenye maganda, viliingia pamoja, naye akakoroga polepole hata chenga zikaisha kabisa chini ya mwiko. Povu lilipopanda alilienguaengua. Vipovu vidogo vilipoanza kuonekana pembeni, akahesabu kwa utulivu kadiri ya dakika tano, akaepua. Tulimwuliza kwa nini asiache ichemke izidi kuwa nzito. Akasema, “Ukichemsha sana, chungwa huenda zake, hubaki jamu.”

Hapo tulimsimulia habari tunayopenda kuwafundisha watoto darasani. Mwaka 1747 tabibu mmoja wa merikebu za Waingereza, jina lake James Lind, alichukua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye, akawagawanya wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Wale wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ndio waliopona upesi. Lakini Lind huyo huyo, alipotaka matunda yadumu safarini, alishauri maji yake yapashwe moto saa nyingi hata yawe mazito, yatiwe chupani. Na dawa hiyo ikawa dhaifu, kwa kuwa moto huharibu kitu kile kiponyacho, ambacho leo twakiita vitamini C. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho. “Basi alikosa mahali nilipokosa mimi miaka mitano,” akasema, akaendelea kuchuja maganda. Kwa hiyo, akina mama, shira ni kwa furaha ya wageni. Mtoto mgonjwa mpeni chungwa lenyewe.

Chupa zilikuwa zimechemka katika debe kwa dakika kumi, zimewekwa chini yake kitambaa zisigongane. Ziliingizwa katika maji ya baridi kwanza, zikapata moto pamoja nayo, maana chupa baridi ikitumbukizwa katika maji yanayochemka hupasuka. Tulimimina shira ingali moto katika chupa zingali moto, tukaacha nafasi ya kidole mdomoni, tukafunga, tukazilaza ubavu dakika chache ili moto ufike kwenye kifuniko. Lita 2 za maji na kilo 4 za sukari zilitoa chupa 6 za robo tatu ya lita.

Mchana tulionja. Sehemu moja ya shira kwa sehemu tano za maji ya mtungini, na kila chupa hutoa bilauri 18 hivi. Tulikunywa ya kwanza kwa kiu na ya pili kwa tamaa. Akatukaangia kaimati, akazigaragaza katika shira ile pamoja na iliki iliyosagwa, na hapo tulisahau kabisa ya kuwa tu watu wazima. Yafaa vile vile kumiminwa juu ya papai lililokatwa, au juu ya keki ikitoka motoni imechomwachomwa kwa kijiti ili inywe. Juu ya uji wa watoto, kijiko kimoja tu, si viwili. Meno yao twayajua.

Ndipo mwanawe akaja akaketi. Akapewa bilauri, akanywa yote, akaiweka chini. “Ni nzuri, mama,” akasema. “Sijawahi kusema kwamba si nzuri. Lakini tazama. Machungwa tumeyaokota bure. Sukari tumeinunua, kilo nne. Chupa tumezinunua. Hii si shira ya machungwa, ni shira ya sukari iliyopita karibu na chungwa. Anayepata faida ni mwenye duka.”

Mama yake hakumjibu. Alitugeukia sisi. “Mwalimu, wewe umesoma. Sema.”

Tulitamani kuwa bado kwenye pikipiki. Tukaomba kalamu na karatasi, tukaandika bei ya sukari, na ya chupa, na ya kuni, na bei anayolipwa na wale wa kaimati. Faida ilikuwako. Machungwa 30 katika shira yalimpa fedha kuliko machungwa hayo hayo mikononi mwa mnunuzi wa lori wakati wa mavuno, hata baada ya sukari. Bibi alipoona hivyo uso wake ulichanua. Lakini hesabu ilikuwa na upande wa pili, nasi hatukuweza kuuacha. Tukisema kila mti watoa machungwa 400 tu, miti 18 ni machungwa 7,200. Kuyafanya shira ni kilo 960 za sukari na chupa 1,440. Hakuna mjane mwenye fedha hiyo, wala hakuna kaimati za kutosha Muheza. Tukasema kweli: miti michache yaweza kula katika sufuria ile, yote 18 haiwezi.

Kijana alitazama chini. Bibi alitutazama sisi. “Mwalimu,” akasema, “nilikuomba useme, sikukuomba uhesabu.”

Akaondoka kwenda kuosha sufuria, wala usiku ule hakusema nasi isipokuwa kutukaribisha chakula. Twakiri mbele yenu, tulilala vibaya. Tungaliweza kutoa hesabu ya machungwa 30 na kunyamaza. Ilikuwa hesabu ya kweli nayo.

Alfajiri tulisikia maji yakimwagwa nje. Tukatoka tukamwona kijana chini ya miti, ana ndoo na kitambaa, anafuta chokaa. Alifuta mti mmoja, akaenda wa pili. Mama yake amesimama kibarazani, amejitanda kanga, ahesabu kwa midomo. Alifuta ile iliyo kando ya kijito, ambayo yapata maji hata wakati wa kiangazi na kuzaa mapema kidogo kabla ya mingine, siku ambazo bei ingaliko. Ikawa saba. Alipokusanya kitambaa, mama yake alisema, “Na ule wenye malimau.” Akasimama kitambo, akarudi, akaufuta. Ikawa minane.

Ile kumi ilikatwa kabla ya mvua, na mihogo imeota. Mwenzetu alituandikia hivyo. Bibi hakutuletea neno lake mwenyewe. Lakini siku ile tulipoaga, mfuko wetu ulikuwa mzito kuliko tulipokuja, na ndani yake, zimeviringishwa katika kipande cha kanga kuukuu, zilikuwamo chupa mbili.

Sasa ni mwezi wa nne zimo rafuni. Kila asubuhi mama watoto huvibonyeza vifuniko kwa kidole gumba aone kama vimevimba, navyo havijavimba. Mshenga tumemwalika aje kuonja. Amekubali, ila ameuliza kama aweza kuja na kanzu ya shamba.